Homa ya Mapafu ya Ng'ombe: Kwa Nini Chanjo ni ya Kila Mwaka, na Wataalamu Wanaitafutaje Iliyo Bora

Kila msimu wa chanjo ya mifugo unapowadia, maafisa mifugo wa kata hukutana na swali lilelile, iwe kwenye josho au kwenye mkutano wa kijiji: kwa nini ng'ombe achanjwe homa ya mapafu kila mwaka, ilhali mtoto huchanjwa surua mara mbili tu, akiwa na miezi 9 na miezi 18? Wazee huongeza hoja nzito zaidi, kwa kuwa wao wanaikumbuka sotoka. Ng'ombe aliyechanjwa sotoka mara moja alikingika maisha yake yote, na ugonjwa ule hatimaye ulifutika. Mwaka 2011 ilitangazwa rasmi kwamba sotoka haipo tena duniani. Chanjo iliyofanya kazi hiyo ilitengenezwa hapa jirani, Muguga nchini Kenya, na mtaalamu Walter Plowright pamoja na wenzake. Iweje basi homa ya mapafu ishindikane?

Swali hili ni la haki, na linastahili jibu kamili kuliko lile la kwamba maelekezo ndivyo yalivyo. Jibu limo ndani ya kimelea chenyewe. Limo pia katika kazi ambayo watafiti wa Kenya, Kanada, Marekani na Ulaya wamekuwa wakiifanya kwa miaka kadhaa, ya kusoma vinasaba vyote vya kimelea hicho ili kupata mahali pa kukishika. Makala haya yanaeleza kazi hiyo imefikia wapi, na inamhusu nini mfugaji wa Karagwe na jirani yake wa Kyerwa.

Ugonjwa wenyewe

Homa ya mapafu ya ng'ombe husababishwa na bakteria mdogo mno aitwaye Mycoplasma mycoides. Huenea kwa pumzi. Ng'ombe mgonjwa anapokohoa, matone yasiyoonekana kwa macho huingia puani mwa ng'ombe aliye karibu naye, kwenye boma, kwenye lori, mnadani au penye maji. Binadamu hapati ugonjwa huu. Mbuzi wana homa yao ya mapafu inayoletwa na kimelea kingine cha ukoo huohuo, hivyo chanjo ya ng'ombe haiwakingi mbuzi, wala ya mbuzi haiwakingi ng'ombe.

Ubaya wa ugonjwa huu ni ukimya wake. Kuanzia ng'ombe anapoambukizwa hadi anapoonyesha dalili zinaweza kupita wiki kadhaa, hata miezi. Kisha huja homa, kikohozi, na kupumua kwa shida: mnyama husimama amenyoosha shingo na kutanua viwiko vya miguu ya mbele ili kifua kipate nafasi. Akifa na kupasuliwa, kifua hukutwa kimejaa majimaji ya manjano, na pafu limekuwa gumu lenye rangi za madoadoa kama jiwe la marumaru. Wapo pia wanaopona, na hao ndio wanaotia wasiwasi zaidi. Ndani ya mapafu yao hubaki kifuko kilichozungukwa na kovu, na humo kimelea huweza kuishi kwa miezi mingi. Ng'ombe wa namna hiyo hula, hunenepa na huuzwa akiwa na sura ya afya.

Tanzania iliwahi kuuondoa ugonjwa huu katikati ya miaka ya 1960. Ukarejea mwaka 1990 kupitia mpaka wa kaskazini, na muda mfupi baadaye ukaingia Mkoa wa Kagera kutokea upande wa Uganda. Jiografia yetu haiusaidii mkoa. Mto Kagera unatutenganisha na Rwanda na Uganda, lakini malisho ya ng'ambo na ya huku yanafanana, na mahusiano ya watu ni yaleyale. Ng'ombe wa mahari huvuka kata na wilaya; ng'ombe wa biashara hupitia minadani na katika njia za kuelekea Murongo; makundi makubwa ya ukanda wa ranchi na yale ya vijijini hukutana penye maji wakati wa kiangazi.

Tena hasara yake haiishii kwenye maziwa na nyama. Kila anayelima kibanja katika wilaya hizi mbili anajua kwamba mgomba hula samadi. Kaya yenye ng'ombe mmoja wa kufungiwa bandani ikimpoteza, baada ya misimu michache migomba huanza kudhoofu, na kahawa iliyo chini yake nayo hudhoofu. Ni hasara ambayo haiandikwi katika takwimu za mifugo, ingawa ndiyo inayokumbukwa nyumbani kwa muda mrefu zaidi.

Chanjo tuliyo nayo ilizaliwa nchini

Wafugaji wengi hawafahamu kwamba chanjo ya homa ya mapafu inayotumika zaidi barani Afrika ina asili ya nchi hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wataalamu wa mifugo wa Tanganyika walipata aina ya kimelea isiyo kali sana, wakaipa jina la T1. Wakaikuza ndani ya mayai ya kuku yenye vifaranga vinavyokua, wakaihamisha kutoka yai hadi yai mara 44, na katika safari hiyo ikazidi kupoteza ukali wake. Ndiyo maana inaitwa T1/44. Ni kimelea hai kilichopunguzwa makali. Kinapochomwa chini ya ngozi, mwili wa ng'ombe hujifunza kumtambua adui bila kuugua.

Wazo la kutumia kimelea chenyewe kama kinga ni la zamani. Mwaka 1852 daktari wa Ubelgiji, Louis Willems, alichukua majimaji ya pafu la ng'ombe mgonjwa na kuyaingiza kwenye ncha ya mkia wa ng'ombe mzima. Wengi walikingika, na wengi walipoteza mikia. Wafugaji wa Afrika Magharibi walikuwa na desturi yao ya kuingiza kipande cha pafu lenye ugonjwa chini ya ngozi ya pua. Ikilinganishwa na hayo, T1/44 ni hatua kubwa, na imeokoa ng'ombe wasiohesabika.

Hata hivyo ina udhaifu, na ni vema tuuseme wazi. Kinga yake hudumu takriban mwaka mmoja, kisha hupungua. Kwa kuwa ni kimelea hai, hufa kwa joto: kuanzia kiwandani hadi kijijini hapana budi ikae kwenye ubaridi, na ikishachanganywa na maji yake haiwezi kusubiri wafugaji wanaochelewa. Baadhi ya ng'ombe huvimba pale walipochomwa, siku au wiki kadhaa baadaye, na wachache huhitaji matibabu. Uvimbe huo ndio unaowafanya baadhi ya wafugaji kuficha mifugo siku ya chanjo. Hofu yao haikutoka hewani, ila kuficha mifugo kunaacha mwanya ambao ugonjwa huutumia.

Katika nchi nyingi za Afrika, chanjo ya homa ya mapafu ilitolewa sambamba na ya sotoka. Sotoka ilipoelekea kwisha na kampeni zake zikasimama, mwenzake naye akasahaulika. Kwa maneno mengine, ushindi juu ya ugonjwa mmoja ulimfungulia mlango mwingine.

Kwa nini kimelea hiki ni kigumu

Sotoka ililetwa na kirusi, na mwili ukishamjua kirusi yule haukumsahau. Kimelea cha homa ya mapafu kina tabia nyingine. Kwanza, hakina ukuta mgumu wa nje ambao bakteria wengi wanao. Ndiyo sababu penisilini haikifanyi lolote, kwa kuwa penisilini huua kwa kuvunja ujenzi wa ukuta huo. Pili, hujifunika kwa utando wa sukari unaokisaidia kujificha kwa askari wa mwili. Tatu, na hili ndilo kiini cha makala haya, si kila sehemu ya kimelea inayouamsha mwili inauletea mwili faida. Zipo sehemu ambazo mwili ukizishambulia, kimelea hufa. Zipo nyingine ambazo mwili huzishambulia kwa nguvu nyingi bila mafanikio, na pafu ndilo linaloumia katika vita hiyo. Chanjo ya kimelea kizima humwonyesha ng'ombe sehemu zote kwa pamoja, za manufaa na za hasara, bila kuchagua.

Chanjo bora ingekuwa ile inayoonyesha sehemu za manufaa peke yake. Kwa zaidi ya miaka 100 tangu watafiti wa Ufaransa, Nocard na Roux, walipofaulu kukikuza kimelea hiki maabara mwaka 1898, hapakuwa na njia ya kuzijua sehemu zote. Mtafiti alizichunguza zile zilizojitokeza kwa wingi, moja baada ya nyingine, na zilizojificha zikampita.

Daftari la wakazi wa kimelea

Kila kiumbe hai kina maelekezo ya ujenzi wa mwili wake, yaliyoandikwa kwa vinasaba. Maandishi hayo hutumia herufi nne tu za kikemia, zinazopangwa kwa mfuatano mrefu. Mkusanyo wa maandishi yote ya kiumbe kimoja huitwa jenomu. Ya binadamu ina herufi zipatazo bilioni 3. Ya kimelea cha homa ya mapafu ilisomwa yote na watafiti nchini Sweden na kuchapishwa mwaka 2004. Ina herufi 1,211,703 na jeni zinazokadiriwa kuwa 985. Ingepigwa chapa katika kurasa zenye herufi 3,000 kila moja, ingekuwa kitabu cha kurasa 400 na ushei. Kwa kiumbe, hicho ni kitabu chembamba.

Mfano wa karibu nasi ni daftari la wakazi analolitunza mtendaji wa kijiji. Tuseme kijiji kina kaya 985. Mtu anayetaka kujua ni kaya zipi zina milango inayotazama barabarani anaweza kutembea nyumba hadi nyumba, kazi ya miezi, na zile zilizo nyuma ya migomba asizione. Anaweza pia kufungua daftari, akasoma kila kaya iko wapi na inafanya shughuli gani, akaandika orodha yake kabla hajatoka ofisini. Jenomu ni daftari hilo. Kila jeni ni agizo la kutengeneza protini fulani, na kwa kusoma agizo, kompyuta hukisia kama protini hiyo hukaa ndani ya kimelea au juu ya ngozi yake. Zinazokaa juu ndizo milango inayotazama barabarani: kingamwili za ng'ombe zinaweza kuzifikia na kuzishika.

Njia hii ya kuanzia kwenye maandishi na kumalizia kwenye sindano ilianza kwa ugonjwa wa binadamu. Bakteria wa homa ya uti wa mgongo wa kundi B alikuwa amewashinda watengenezaji wa chanjo kwa miongo mingi, kwa sababu utando wake wa sukari unafanana na sukari iliyomo katika mwili wa binadamu. Mtafiti wa Italia, Rino Rappuoli, na wenzake waliamua kuacha utando huo na kusoma jenomu. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2000. Kompyuta iliwapa protini takriban 600 za kutazama. Wakafaulu kutengeneza 350 na kuzijaribu kwa panya. Zilizoamsha kingamwili za kuua bakteria zikawa chini ya 30. Kutoka hapo zikateuliwa chache zilizoingia katika chanjo iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2013. Tangu 2015 watoto wachanga wa Uingereza huchanjwa chanjo hiyo.

Tazama hesabu hiyo: kutoka 600 hadi chache, na kutoka 2000 hadi 2013. Daftari hufupisha safari, na bado safari ni ndefu.

Watahiniwa 66

Kwa homa ya mapafu ya ng'ombe, kazi kama hiyo ilifanywa kwa ushirikiano wa Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo la Kenya, KALRO, kituo cha utafiti wa chanjo cha Chuo Kikuu cha Saskatchewan nchini Kanada, na Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, yenye makao yake Nairobi. Mahali ilipofanyika sehemu ya kazi hiyo ni Muguga, palepale palipozaliwa chanjo ya sotoka. Watafiti walipitia jenomu, wakachagua protini 66 zilizoonekana kuwa na nafasi ya kuwa chanjo. Wataalamu huziita watahiniwa, na jina linafaa, kwa kuwa kuingia chumba cha mtihani si kufaulu.

Kutengeneza protini hizo kulihitaji werevu. Kwa kawaida, jeni ya kimelea hupandikizwa ndani ya bakteria mwingine asiye na madhara, naye huifuata na kutengeneza protini kwa wingi, kama fundi anayefuata mchoro wa nyumba ya mtu mwingine. Lakini lugha ya vinasaba ya kimelea hiki ina lahaja yake. Neno moja la herufi tatu ambalo bakteria wengine hulisoma kuwa ni "simama, kazi imekwisha", kwake lina maana ya kuendelea na kuongeza kiungo fulani cha protini. Fundi asiyeelezwa hilo huacha nyumba ikiwa nusu. Hivyo watafiti hulazimika kurekebisha herufi hizo kwanza, jeni kwa jeni.

Protini zilipokuwa tayari, ng'ombe walichanjwa kwa michanganyiko mbalimbali, kisha wakaambukizwa ugonjwa kwa makusudi chini ya uangalizi, na mapafu yao yakachunguzwa. Ripoti ya mwaka 2016 ilionyesha kwamba protini zilizopatikana kwa njia hii ziliweza kuamsha kinga yenye uwezo wa kulinda. Ni habari njema, nami naiandika kwa tahadhari, kwa sababu kati ya matokeo ya majaribio na chupa iliyo kwenye kasha la barafu la afisa mifugo wetu kuna masharti mengi: idadi kubwa ya ng'ombe, muda wa kinga, bei, na uwezo wa kuhimili joto.

Mwaka mmoja kabla yake, 2015, ilitoka ripoti nyingine ambayo kwa maoni yangu inafundisha zaidi. Protini iitwayo LppQ hukaa juu ya ngozi ya kimelea, na ng'ombe wagonjwa huitengenezea kingamwili nyingi sana. Kwa vigezo vya daftari, huyo alikuwa mtahiniwa wa mfano. Ng'ombe wakachanjwa sehemu yake, kisha wakaambukizwa. Badala ya kukingika, waliugua vibaya zaidi, kwa kuwa kingamwili zile zilishikamana na vipande vya kimelea na kufanya marundo yaliyoumiza mwili wenyewe. Hapa ndipo inapoonekana kwamba sehemu ya kimelea inaweza kuuamsha mwili na kuudhuru kwa wakati mmoja. Laiti chanjo hiyo ingeharakishwa hadi vijijini kwa sababu ya sura yake nzuri kwenye kompyuta, tungekuwa tumewapelekea wafugaji maafa. Anayeuliza kwa nini wanasayansi wanachelewa, sehemu ya jibu ni hiyo.

Njia nyingine zinazofuatwa

Usomaji wa vinasaba umeleta faida hata nje ya orodha ya watahiniwa. Umeonyesha, kwa mfano, kinachoumiza pafu. Kimelea hiki hula gliseroli, aina ya chakula kinachopatikana mwilini mwa ng'ombe, na katika kuila hutoa kemikali inayounguza chembe za pafu. Vimelea vya Afrika vina jeni kamili za kuvuta gliseroli ndani. Vile vilivyopatikana Ulaya katika miongo ya karibuni vilikuwa vimepoteza baadhi ya jeni hizo, na ugonjwa wao ulikuwa mpole zaidi. Tofauti ya ukali ambayo madaktari wa mifugo waliiona kwa macho kwa miaka mingi ikapata maelezo katika mistari michache ya jenomu.

Kundi jingine la watafiti nchini Kenya limeufuata utando wa sukari badala ya protini, na mwaka 2016 likaripoti dalili za matumaini.

Njia ya tatu inashangaza zaidi. Mwaka 2010 taasisi ya J. Craig Venter ya Marekani ilitangaza kwamba imeunda jenomu nzima ya bakteria kwa kuiunganisha maabara, na bakteria akaishi na kuzaana. Bakteria aliyetumika ni ndugu wa karibu wa kimelea chetu, yule anayeshambulia mbuzi. Ujuzi huo umefungua uwezekano wa kufuta jeni za ukali moja kwa moja, badala ya kuhamisha kimelea kutoka yai hadi yai mara 44 na kungoja makali yapungue yenyewe. Mwaka 2019 watafiti, wakiwemo wa ILRI, walieleza jinsi walivyofuta jeni 68 kutoka kwa kimelea kikali cha mbuzi: mbuzi walioambukizwa kimelea cha awali waliugua vibaya, na walioambukizwa kile kilichopunguzwa hawakuugua. Kazi hiyo ni ya mbuzi, lakini undugu wa vimelea hivyo unaifanya iwe mlango wa kuingilia kwa ng'ombe pia.

Hata T1/44, mzaliwa wa nchi yetu, imesomwa jenomu yake, ili kujua ni mabadiliko gani hasa yaliyoipunguzia makali katika safari ile ya mayai. Tumeitumia kwa zaidi ya nusu karne bila kujua.

Mfugaji afanye nini sasa

Hakuna chanjo mpya iliyo tayari kwa matumizi ya kijiji. Iliyopo ni ileile ya kila mwaka, na inakinga pale inapotolewa kwa ng'ombe wengi kwa wakati mmoja na kurudiwa kwa wakati. Mwezi Juni 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkoani Simiyu kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo, iliyopangwa kuendeshwa kwa miaka 5. Kwa ng'ombe, ugonjwa uliolengwa ni huu wa homa ya mapafu. Serikali hulipa nusu ya gharama na mfugaji huchangia shilingi 500 kwa ng'ombe mmoja. Ng'ombe huvishwa hereni yenye namba, na hereni hiyo si kodi wala hesabu ya kumnyang'anya mtu mifugo: ni njia ya kujua nani amechanjwa, na ugonjwa ukitokea, mnyama ametoka wapi.

Mambo machache yanafuata moja kwa moja kutokana na yaliyoelezwa hapo juu. Kwa kuwa chanjo ni kimelea hai, mfugaji anayemchoma ng'ombe wake tetrasaiklini siku za karibu na chanjo huweza kuiua chanjo hiyo kabla haijafanya kazi. Mwambie afisa mifugo kama mnyama yuko kwenye dawa. Kwa kuwa chanjo hufa kwa joto, saa iliyotangazwa ya kuleta mifugo izingatiwe, na chanjo isinunuliwe kwa mtu anayeitembeza mfukoni. Ng'ombe akivimba alipochomwa, usiukate uvimbe wala kuuchoma moto. Toa taarifa atibiwe.

Kuhusu ng'ombe anayekohoa, ipo tabia ya kumtibu kimyakimya kwa sindano za dukani kisha kumpeleka mnadani akipata nafuu. Dawa huweza kutuliza dalili huku kile kifuko cha ndani ya pafu kikibaki. Anayemnunua ng'ombe huyo ananunua ugonjwa, na aghalabu mnunuzi ni mtu wa kata ya jirani au ndugu. Homa ya mapafu ni ugonjwa wa kutolewa taarifa kwa mujibu wa Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003. Taarifa ipelekwe kwa afisa mifugo wa kata au mtendaji wa kijiji, na mifugo isihamishwe bila kibali. Karantini huumiza; mnada ukifungwa kila mmoja hupata hasara, hata asiye na ng'ombe mgonjwa. Lakini hudumu muda mfupi zaidi pale taarifa inapotolewa mapema, wakati ugonjwa ungali katika boma moja.

Mwisho ni suala la sampuli. Ng'ombe akifa kwa kikohozi, asizikwe wala kugawanywa kabla mtaalamu hajafika. Kipande cha pafu na majimaji ya kifuani hupelekwa katika maabara za Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania, ambayo ina kituo Mwanza kwa ajili ya Kanda ya Ziwa, na huko ndiko kunakothibitishwa kama ni homa ya mapafu au ugonjwa mwingine wenye dalili za kufanana. Kimelea kinachozunguka Kaisho, Nyaishozi au Kihanga kinaweza kusomwa vinasaba vyake ikiwa tu kimefika maabara kikiwa katika hali nzuri. Kwa hiyo simu ipigwe siku hiyohiyo, kabla pafu halijaoza, na mzoga ukingojea uwekwe kivulini, mbali na ng'ombe wengine na mbali na mbwa.